Juma la Kazi ya Mbunge

Tangu nilipoanza kufundisha somo la uraia, swali moja nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote: "Mwalimu, mbunge hufanya kazi gani hasa?" Waulizao si wanafunzi peke yao. Wanafunzi wetu wa zamani wanaokuja shuleni siku ya michezo nao huuliza, na hao ni watu wazima waliokwisha kupiga kura mara mbili au tatu. Basi nimeona yafaa kulijibu katika gazeti letu, ili jibu liwafikie wote, tena mtu aweze kulirudia apendapo.

Ukitaka kuijua kazi ya mtu, mfuate juma zima. Mbunge nitakayemfuata hapa ni wa Uingereza, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, taratibu nyingi za Bunge letu la Uganda zilitoka huko. Baraza la Kutunga Sheria lililoanza hapa mwaka 1921 lilifuata mfano wa London, na hata leo tunaye Spika, tuna siwa, na mawaziri wetu huulizwa maswali. Pili, iko habari moja ya huko ambayo yaonyesha wazi nguvu ya mbunge ni ipi na mwisho wake ni wapi. Habari hiyo nitaieleza mbele, tukiisha kufahamu juma lenyewe.

1. Mbunge ni wa nani?

Baraza la Wabunge la Uingereza lina watu 650. Nchi nzima imegawanywa katika majimbo 650 ya uchaguzi, na kila jimbo hupeleka mtu mmoja tu. Mipaka ya majimbo hayo ilipangwa upya mwaka 2023, na ilitakiwa kila jimbo, isipokuwa machache ya visiwani, liwe na wapigaji kura wasiopungua 69,724 wala wasiozidi 77,062. Maana yake ni rahisi: kura ya mtu wa mjini isiwe nzito kuliko kura ya mtu wa shamba.

Mbunge huchaguliwa kwa jina la chama, na mara nyingi hushinda bila kufikia nusu ya kura zote. Lakini akiisha kuapa, yeye ni mbunge wa wote wakaao jimboni: waliompa kura, waliomnyima, waliolala nyumbani siku ya uchaguzi, hata watoto wasiotimiza miaka 18. Mtu akimjia na shida haulizwi kadi ya chama. Tena iko desturi ya zamani kwamba mbunge hashughuliki na shida ya mtu wa jimbo la mwenzake. Akipata barua ya mtu kama huyo, humwelekeza kwa mbunge wake mwenyewe.

Kwa hiyo mbunge ni kama mchukuzi wa mzegamzega. Mbele amechukua kazi ya Bunge, nyuma amechukua kazi ya jimbo, na mti mabegani ni mmoja. Mzigo mmoja ukizidi mno, mchukuzi huenda upande.

2. Jumatatu hata Alhamisi: kazi ya Bungeni

Wabunge wa mbali husafiri Jumatatu asubuhi, wengi kwa gari moshi. Kwa sababu hiyo kikao cha Jumatatu huanza saa nane na nusu mchana na chaweza kuendelea hata saa nne na nusu ya usiku. Jumanne na Jumatano kikao huanza saa tano na nusu asubuhi, na Alhamisi saa tatu na nusu. Kila kikao hufunguliwa kwa sala.

Ukumbi wenyewe ni mdogo kuliko mtu adhaniavyo. Ukumbi wa zamani ulibomolewa na mabomu ya Wajerumani mwezi wa Mei 1941, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1950. Bwana Churchill alitaka uwe mdogo kama ule wa kwanza, ili watu wajadiliane uso kwa uso. Mpaka leo una viti vya watu kama 427 tu, na siku ya jambo kubwa wabunge wengine husimama.

Katika siku hizo nne mbunge ana kazi za namna tano.

Kazi ya kwanza ni kuuliza. Kila siku, tangu Jumatatu hata Alhamisi, mawaziri wa wizara mbalimbali huja kwa zamu kujibu maswali. Jumatano saa sita mchana ni zamu ya Waziri Mkuu, nusu saa nzima. Hapo kelele huwa nyingi, vicheko na mizomeo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo televisheni hupenda kuionyesha. Lakini mimi nawaambia wanafunzi wangu wasidanganywe na kelele. Maswali mengi zaidi hupelekwa kwa maandishi, na waziri hujibu kwa maandishi, kisha swali na jibu hutolewa hadharani katika kumbukumbu za Bunge. Neno la mdomoni hupeperuka, bali jibu lililoandikwa hukaa, na mwaka wa kesho mbunge aweza kulifungua mbele ya waziri yule yule.

Kazi ya pili ni kuchunguza miswada. Mswada husomwa mara ya kwanza kwa jina tu. Katika kusomwa mara ya pili hujadiliwa shabaha yake. Kisha hupelekwa katika kamati, nako huko huchambuliwa neno kwa neno, kama mama achaguavyo mawe katika mchele. Baadaye hurudi Barazani, ukapita, ukaenda Baraza la Malodi, na mwisho hupata idhini ya Mfalme.

Kazi ya tatu ni kupiga kura. Kengele hulia katika jengo zima, na mbunge popote alipo, mezani au maktabani, ana dakika 8 za kufika. Hawanyoshi mikono. Wanaokubali hupita katika ushoroba mmoja, wanaokataa hupita katika mwingine, wakahesabiwa. Kila chama kina mnadhimu wake, ambaye ninyi mngemwita kiranja, na huyo huangalia watu wa chama chake wapite mlango gani. Mbunge akipita mlango mwingine kwa ajili ya dhamiri yake au kwa ajili ya watu wa jimbo lake, aweza kuadhibiwa na chama. Hapo ndipo mzega huuma bega.

Kazi ya nne ni kamati za kusimamia wizara. Wabunge wachache wa vyama mbalimbali hukaa pamoja, wakawaita maofisa na wakuu wa mashirika, wakawauliza fedha imetumika namna gani na kazi imefanywa namna gani.

Kazi ya tano haina watazamaji wengi. Mwisho wa kila kikao, wengine wakiwa wamekwisha kwenda zao, mbunge mmoja hupewa nusu saa kueleza jambo moja: daraja, hospitali, hata shida ya mtu mmoja wa jimbo lake. Waziri mmoja hana budi kukaa hapo, asikilize na kujibu. Mara nyingi ukumbi huwa karibu mtupu. Lakini serikali ya nchi kubwa imesimamishwa nusu saa ijibu habari za mtaa mmoja, na hilo si jambo dogo.

3. Ijumaa na Jumamosi: kazi ya jimboni

Ijumaa Baraza mara nyingi halikutani. Katika kikao cha mwaka mmoja Ijumaa 13 huwekwa kwa miswada ya wabunge wenyewe, yaani miswada isiyoletwa na serikali. Majina 20 huchaguliwa kwa kura ya bahati, na wa mbele katika orodha ndio wenye tumaini. Ijumaa nyingine zote mbunge yuko jimboni.

Huko huwa na siku ya kuonana na watu. Waingereza huiita kwa jina lile lile la chumba cha daktari ambamo wagonjwa huonwa, nalo ni jina zuri. Mbunge hukaa katika maktaba ya mji, au jumba la kanisa, au chumba cha shule, na watu huingia mmoja mmoja na maradhi yao. Huyu nyumba yake ya halmashauri ina unyevu na watoto wanakohoa. Yule amekatiwa posho ya ulemavu bila kuelezwa sababu. Wa tatu mke wake yuko nchi ya mbali, na karatasi zake za kuingia Uingereza zimelala ofisini mwaka mzima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, na shida za serikali ni vivyo hivyo: isiyosemwa haiponi.

Mbunge husikiliza, na msaidizi wake huandika. Jumatatu barua hutoka kwenda kwa waziri au mkuu wa idara. Barua hiyo haina amri ndani yake, lakini ofisi hujua kwamba aliyeiandika aweza kusimama Bungeni na kuisoma, kwa hiyo haitupwi chini ya rundo. Tena sheria ya mwaka 1967 ilimweka Mchunguzi wa Bunge wa kuchunguza makosa ya idara za serikali, ikaagiza kwamba lalamiko la raia limfikie kwa mkono wa mbunge.

Mlango huu ulio wazi una hatari zake. Tarehe 16 Juni 2016 Bibi Jo Cox, mbunge wa Batley na Spen, aliuawa mjini Birstall alipokuwa akienda maktabani kuonana na watu wake. Tarehe 15 Oktoba 2021 Bwana David Amess, mbunge wa Southend Magharibi, aliuawa ndani ya kanisa alipokuwa katika kazi iyo hiyo. Bwana Amess alikuwa mfano mzuri wa mtu asiyechoka. Mswada wake mwenyewe wa kusaidia maskini wapate joto majumbani ulikuwa sheria mwaka 2000, na kwa miaka mingi aliuliza Bungeni kwamba Southend upewe cheo cha jiji. Siku 3 baada ya kufa kwake ikatangazwa kwamba mji huo utakuwa jiji. Baada ya misiba hiyo ulinzi uliongezwa, lakini mlango haukufungwa. Wabunge waliona kwamba wakiufunga, nusu ya kazi yao imekwisha.

4. Mambo asiyoyaweza

Hapa nataka msome polepole. Mbunge hawezi kumwamuru hakimu. Hawezi kumwamuru diwani wala halmashauri ya mji. Nyumba za halmashauri si zake. Hawezi kutoa fedha ya serikali kwa neno lake. Hawezi kumwajiri mtoto wa jirani katika wizara. Mbunge asiye waziri hana hata ofisa mmoja wa serikali aliye chini yake.

Basi ana nini? Ana vitu vitatu. Ana sikio, kwa kuwa watu huja kwake. Ana mahali pa kusimama, ambapo akisema waziri hana budi kujibu. Na ana wenzake 649, ambao kila mmoja husikia ya jimbo lake. Ukiviona vitu hivyo vitatu mbali mbali, vyaonekana vidogo. Sasa tazameni vilifanya nini vilipoungana.

5. Habari ya Bibi Hamilton

Katika kijiji cha South Warnborough, mkoa wa Hampshire, Bibi Jo Hamilton alikuwa na duka, na ndani ya duka kulikuwa na posta ndogo. Huko wasimamizi wa posta ndogo ni watu wenye duka lao wanaofanya kazi ya Shirika la Posta kwa mkataba. Hesabu zake zilifanywa na kompyuta kwa programu iitwayo Horizon, ambayo Shirika liliiweka katika posta zake tangu mwaka 1999. Siku moja programu ikaonyesha kwamba fedha imepungua. Akapiga simu kuomba msaada, akafanya alivyoambiwa, na upungufu ukawa maradufu mbele ya macho yake. Mwishowe akadaiwa kama pauni 36,000.

Mkataba ulisema upungufu hulipwa na msimamizi. Alikopa kwa rehani ya nyumba yake, na watu wa kijiji wakachanga kumsaidia. Alishtakiwa wizi. Shtaka la wizi likaondolewa alipokubali kosa la kuandika hesabu zisizo za kweli, maana aliogopa kifungo, na mwaka 2008 mahakama ikamhukumu. Hakufungwa, lakini alitoka mahakamani na jina la mkosaji.

Mbunge wa jimbo hilo alikuwa Bwana James Arbuthnot wa chama cha Conservative. Habari ya Bibi Hamilton ilipomfikia, alikuwa pia na lalamiko la namna hiyo hiyo kutoka kwa msimamizi mwingine wa posta wa jimbo lake. Kazi ya sikio ndiyo hiyo. Mtu mmoja akisema kompyuta imemdanganya, labda ni udhuru. Wawili wasiojadiliana wakisema maneno yale yale, yafaa kuuliza. Mwaka 2009 gazeti moja la mambo ya kompyuta lilitoa habari za wasimamizi 7 wenye shida hiyo, na mwaka ule ule Bwana Alan Bates, aliyepoteza posta yake huko Wales, aliwakusanya wenzake katika kijiji cha Fenny Compton. Kila mmoja wao alikuwa ameambiwa kwamba ni yeye peke yake.

Bwana Arbuthnot alifanya ambalo mtu wa kawaida asingeweza kulifanya. Aliwauliza wabunge wenzake kama nao wana watu wa namna hiyo, na wengi walikuwa nao. Kati yao alikuwamo Bwana Kevan Jones wa chama cha Labour, wa jimbo la Durham Kaskazini, ambaye naye hakunyamaza tena. Vyama vyao vilipingana katika karibu kila kura, lakini katika jambo hili walivuta kamba moja. Mwaka 2012 wabunge hao walilibana Shirika la Posta mpaka likakubali wachunguzi wa nje, na mwaka 2013 wachunguzi wakatoa taarifa yao ya kwanza. Tarehe 17 Desemba 2014 Bwana Arbuthnot alipata nafasi ya mjadala Bungeni, na wabunge wakasimama mmoja baada ya mmoja, kila mtu na habari za watu wa jimbo lake.

Je, mambo yakaisha siku hiyo? Hayakuisha. Mawaziri wa vyama mbalimbali walikuwa wakijibu kwamba Shirika hujiendesha lenyewe. Bwana Bates na wenzake, jumla watu 555, wakaenda mahakamani, na mwezi wa Desemba 2019 jaji akasema kwamba Horizon ilikuwa na makosa ambayo yaliweza kuleta upungufu. Tarehe 23 Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu za watu 39, Bibi Hamilton akiwa mmoja wao. Mwezi wa Januari 2024 habari yote ikaonyeshwa kama mchezo katika televisheni, taifa zima likakasirika, na mwezi wa Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta kwa pamoja hukumu za wengine wa Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini. Scotland ilitunga sheria yake.

Waliohukumiwa kwa ajili ya Horizon walikuwa zaidi ya 900. Wengine walifungwa, mwanamke mmoja alifungwa akiwa mjamzito. Wengine walifilisika, na wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Sheria ilichelewa sana, na Bunge haliwezi kujisifu kwa kuchelewa huko. Lakini ilifika, na njia yake ilipita katika mlango wa mbunge wa kijijini.

Sasa fikirini jambo moja. Kama Bwana Arbuthnot angalitia mkono mfukoni, akamlipia Bibi Hamilton zile pauni 36,000, watu wangalimsifu. Wangalisema, mbunge wetu ana moyo. Na ukweli ungalizikwa siku ile ile. Upungufu ungaliandikwa kuwa umelipwa, Horizon ingaliendelea kuwa kweli, na wale wengine zaidi ya 900 wangalibaki wezi mpaka kaburini. Alichompa kilikuwa bora kuliko fedha: alimwulizia.

6. Sisi nasi

Niliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu waandike kazi za mbunge kama wanavyoziona vijijini kwao. Waliandika: kulipa ada, kununua jeneza, kuchangia arusi, kuleta mabati ya kanisa na ya msikiti, kuleta jezi za mpira, kutoa gari la kupeleka mgonjwa. Sikuwacheka. Watu wana shida za kweli, na mfiwa hakatai rambirambi. Wala mbunge mwenye huruma hana kosa akimsaidia jirani yake.

Lakini tukumbuke habari ya Horizon. Mgonjwa akikosa dawa katika kituo cha afya, mbunge akampa fedha akanunue dukani, mgonjwa mmoja amepona na swali limekufa. Kesho wagonjwa wengine watakuja, na mfuko wa mtu mmoja hauna kina cha kuwatosha. Swali lilikuwa hili: dawa za kituo zilitengewa fedha, zikatumwa, zikaenda wapi? Swali hilo daktari hawezi kumwuliza waziri, wala mimi mwalimu siwezi. Mbunge aweza. Tukimgeuza kuwa mfuko wetu, tumemnyang'anya ulimi wake, na ulimi ndio tuliomtuma nao.

Kwa hiyo shikeni mambo manne.

La kwanza, mjue mlango. Kila mpigaji kura wa Uganda ana wabunge wawili wa kumwendea: wa jimbo lake, na mbunge mwanamke wa wilaya yake. Ugomvi wa mpaka wa shamba uanze kwa mwenyekiti wa kijiji. Jambo la halmashauri liende kwa diwani wa wilaya. Mambo ya sheria, ya wizara na ya bajeti ya nchi ndiyo ya mbunge.

La pili, jueni majira. Kwa sheria ya mwaka 2015, makisio ya fedha hufika Bungeni si baada ya tarehe 1 Aprili, nayo hupitishwa si baada ya tarehe 31 Mei, na mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Anayekwenda mwezi wa Julai kuomba kituo cha afya amekuta chungu kimekwisha kupakuliwa. Aende kabla ya makisio kufungwa.

La tatu, andikeni vizuri. Barua kwa mbunge iwe na jina lako, kijiji na kaunti ndogo; tarehe za mambo yote; ofisi ulizokwisha kwenda na majibu uliyopewa; na mwisho ombi moja, si kumi. Weka nakala. Tafuta kama wako wengine wenye shida hiyo hiyo, mwandike pamoja.

La nne, fuateni jibu. Mwulizeni mbunge aliuliza lini, na waziri alijibu nini. Huu ndio mtihani wa haki kwa mbunge anaporudi baada ya miaka mitano kuomba kura, kuliko kuhesabu majeneza.

Neno la mwisho ni kwa ninyi mlio bado madarasani. Katiba yetu ya mwaka 1995 yataka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au iliyo sawa nayo. Baadhi yenu mtaifikia, na labda mmoja atakwenda Bungeni. Nitafurahi kusikia habari zake. Lakini nchi haijengwi na huyo mmoja tu. Wengi wenu mtakuwa upande wa pili wa meza, mkiwa na barua mkononi. Basi jifunzeni kuiandika tangu sasa, maana swali zuri la mwananchi ndilo mbegu ya swali zuri la mbunge.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mbunge hamwulizi mtu kadi ya chama anapomjia na shida?
2. Taja kazi tano za mbunge akiwa Bungeni. Ipi katika hizo yaonekana ndogo na kumbe ni kubwa? Eleza.
3. Kwa nini kumlipia Bibi Hamilton deni lake kungalizika ukweli?
4. Chagua shida moja ya kijiji chako. Je, ni ya mwenyekiti wa kijiji, ya diwani, au ya mbunge? Toa sababu.
5. Andika barua ya kurasa mbili kwa mbunge wa jimbo lako juu ya shida hiyo, ukifuata maagizo yaliyo juu. Barua nzuri nitazisoma darasani, na mwenyewe akipenda, tutaipeleka posta.